Kurusha Sarafu Mara 400: Umri na Kujifunza Biashara ya Masoko ya Fedha

Watu wanapozungumzia biashara ya hisa, au ile ya sarafu za kigeni mtandaoni ambayo vijana huiita foreksi, maswali mawili hayakosekani. La kwanza hutoka kwa kijana wa miaka 19 mwenye simu na haraka: nikianza leo, nikifika 25 nitakuwa wapi? La pili hutoka kwa mtu wa miaka 52 aliyekwisha kusomesha watoto na sasa anahesabu kiinua mgongo chake: mimi si nimechelewa? Wanaouliza ni tofauti, imani yao ni moja. Wanaamini kuna umri ambao ubongo hupokea mambo na umri ambao haupokei tena. Sayansi inakubaliana nao kidogo, kisha inawapeleka mahali ambapo hawakukusudia kwenda.

Tuanze chini kabisa. Kujifunza ni nini?

Ukiondoa kila kisicho cha lazima, zinabaki hatua nne. Unatarajia jambo. Unatenda. Unaona kilichotokea. Halafu unarekebisha tarajio lako kwa kadiri ya tofauti kati ya ulichodhani na ulichokiona. Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Rescorla na Allan Wagner, waliiweka hatua hiyo ya mwisho katika hesabu fupi: tarajio jipya ni tarajio la zamani ukijumlisha sehemu fulani ya mshangao. Mshangao ndiyo ile tofauti. Ile "sehemu fulani" ndiyo kasi ya kujifunza.

Tuijaribu kwa namba. Ulitarajia hisa ikupe shilingi 10, ikakupa 2. Mshangao ni 8 kwenda chini. Mtu ambaye kasi yake ni nusu atashusha tarajio lake hadi 6. Mwenzake ambaye kasi yake ni moja ya kumi atalishusha hadi 9.2 tu. Nani kati yao amejifunza vizuri? Huwezi kusema. Kama ile 2 ilikuwa dalili kwamba kampuni imeharibika, wa kwanza ndiye mwerevu. Kama ilikuwa bahati mbaya ya siku moja, wa kwanza ametupa ukweli aliokuwa nao kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo kujifunza haraka na kujifunza vizuri ni mambo mawili, na anayeyatenganisha ni mwalimu: anasema kweli mara ngapi?

Hesabu hii si ya kwenye karatasi tu. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alirekodi seli za ubongo wa kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima akipewa tone la maji ya matunda bila kutazamia, seli hizo zilifyatuka kwa nguvu. Alipozoea kwamba alama fulani ikionekana kinywaji kinafuata, zilifyatuka kwenye ile alama, na kinywaji chenyewe hakikuziamsha tena. Alama ikaonekana na kinywaji kisije, zikanyamaza hata chini ya kawaida yake. Zilikuwa zinapima mshangao. Binadamu ana mfumo huo huo kichwani, na ndio unaofanya kazi treda anapotazama namba za kijani na nyekundu kwenye skrini.

Ili mfumo huo ufanye kazi unahitaji wasaidizi: kasi ya kuchakata habari, kumbukumbu ya kushikilia mambo kadhaa kwa wakati mmoja, akiba ya maarifa ya kulinganisha, na breki za kuzuia mkono usibonyeze. Umri unakigusa kila kimoja kwa namna yake, na kwa wakati wake.

Kasi ndiyo rahisi kuiona. Chukua karatasi, andika juu tarakimu 1 hadi 9, na chini ya kila tarakimu chora alama yake: msalaba, duara, pembetatu, mstari uliopinda, na kadhalika. Chini yake andika safu ndefu za tarakimu zilizochanganywa. Mpe kijana wa miaka 20 dakika moja na nusu ajaze alama chini ya kila tarakimu, kisha mpe mtu wa miaka 65 karatasi kama hiyo. Kwa kawaida kijana atakuwa amesonga mbele sana, hata kama mzee hakukosea hata alama moja. Wanasaikolojia wametumia vipimo vya namna hii kwa miongo mingi. Mwaka 1996 Timothy Salthouse alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa akili unaokuja na umri chanzo chake ni hiki: hatua ya kwanza ya fikra ikichelewa, matokeo yake yanakuwa yameanza kufifia kabla hatua ya pili haijayatumia.

Je, akili nzima inashuka pamoja na kasi? Hapana. Raymond Cattell alikwisha kuigawa akili mafungu mawili tangu miaka ya 1940: uwezo wa kung'amua jambo geni ambalo hujawahi kulikuta, na akiba ya maarifa uliyojiwekea. Fungu la kwanza hushuka mapema, la pili huendelea kukua. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walitazama matokeo ya makumi ya maelfu ya watu waliofanya vipimo kwenye intaneti, wakakuta picha yenye vilele vingi. Kasi ya kuchakata habari ilifika kileleni karibu na miaka 18 au 19. Kumbukumbu ya muda mfupi ilifika karibu na 25, ikatulia hapo kwa takriban miaka kumi, kisha ikaanza kushuka. Uwezo wa kusoma hisia za mtu kwa kumtazama macho ulikuwa bora katika umri wa kati. Msamiati uliendelea kupanda hadi baada ya 60. Hawakupata umri hata mmoja ambao binadamu yuko kileleni kwa kila jambo.

Basi lazima tuulize biashara ya masoko inatumia kilele kipi.

Zamani ilitumia miguu, koo na macho. Katika masoko ya Chicago watu walisimama ndani ya duara lenye ngazi, wakapiga kelele na kuashiria bei kwa vidole. Richard Dennis alianza huko akiwa na miaka 17 kama tarishi wa kupeleka karatasi za oda. Alipotaka kununua na kuuza mwenyewe, kanuni zilidai awe na miaka 21, kwa hiyo baba yake alisimama kwenye duara badala yake huku kijana akimwashiria kutoka pembeni. Mahali kama pale, kasi ya ujana ilikuwa mtaji.

Leo kasi hiyo haina soko. Mtu mwenye afya huchukua karibu robo ya sekunde kuona taa na kubonyeza kitufe. Mwenye umri mkubwa huongeza kidogo. Mashine zinazonunua na kuuza kwa programu huhesabu muda kwa sehemu za milioni za sekunde. Kijana anayeshindana nazo kwa kidole ameachwa nyuma sawasawa na babu yake, na tofauti kati ya wawili hao haionekani kabisa ukiitazama kutoka mahali mashine ilipo. Nashangaa kwamba matangazo ya mafunzo ya foreksi bado yanauza picha ya kijana mwenye skrini sita, kana kwamba skrini ya sita inamwongezea kitu.

Kasi ikishatoka, linabaki lile tuliloanza nalo: kurekebisha matarajio kutokana na matokeo. Hapa lazima tumtazame mwalimu mwenyewe, yaani soko, kwa sababu yeye ni wa ajabu kuliko mwanafunzi.

Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, nguo haimkai mteja. Mteja anarudi siku hiyo hiyo, tena na maneno. Kosa na adhabu vimefuatana, na kila kosa la namna ile huadhibiwa. Baada ya miaka mitatu mkono wa fundi umejua mambo ambayo mdomo wake hauwezi kuyaeleza. Sokoni unaweza kukata vibaya ukalipwa. Unaweza kununua hisa kwa sababu ya uvumi wa kijinga na bei ikapanda, kwa jambo lisilohusiana kabisa na uvumi ule. Unaweza pia kuchunguza hesabu za kampuni kwa uangalifu wote na ukapoteza. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasayansi waliokuwa kambi mbili zinazopingana, walikubaliana juu ya masharti mawili ya silika ya kitaalamu kujengeka: mazingira yawe na utaratibu unaotabirika, na mtu apate mazoezi ya kutosha yenye majibu ya wazi. Wazima moto na wauguzi wanayo masharti hayo kwa kiasi kikubwa. Mchagua hisa anayo kwa uchache sana.

Uchache kiasi gani? Hili tunaweza kulihesabu wenyewe kwa sarafu.

Chukua sarafu na useme kila upande wa kichwa ni biashara yenye faida. Sarafu ya haki hutoa kichwa mara 50 kati ya 100, kwa wastani. Huyo ni treda asiyejua chochote. Sasa tuseme kuna treda mwenye ujuzi wa kweli anayepata faida mara 55 kati ya 100. Hapo ni mzuri sana. Je, baada ya kurusha mara ngapi utaweza kumtofautisha na asiyejua?

Matokeo ya kubahatisha hutawanyika kuzunguka nusu, na mtawanyiko huo hupungua polepole: ni 0.5 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho. Kwa mirusho 100, kipeuo cha pili ni 10, mtawanyiko ni 0.05, yaani asilimia 5. Treda wetu mwenye asilimia 55 amepita nusu kwa asilimia 5 hizo hizo, kwa hiyo bado amefunikwa na bahati. Kawaida ya watakwimu ni kudai tofauti iwe angalau mara mbili ya mtawanyiko. Mtawanyiko unatakiwa ushuke hadi asilimia 2.5, na hilo linahitaji kipeuo cha pili kuwa 20. Mirusho 400.

Kama ujuzi wake ni wa asilimia 52, jambo lililo karibu zaidi na maisha, kipeuo cha pili kinakuwa 50, na mirusho inafika 2,500.

Sasa ingiza kalenda. Anayefanya biashara moja kwa wiki atamaliza mirusho 400 kwa karibu miaka 8, na ile 2,500 kwa miaka 48. Akianza na miaka 52 atapata jibu akiwa na 100. Kijana wa miaka 19 akitumia njia hiyo hiyo atapata jibu akiwa na 67. Hapa mzee na kijana wamekuwa sawa kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia: wote hawana maisha ya kutosha kujifunza kwa matokeo yao peke yao.

Kijana atasema: basi nitafanya biashara kumi kwa siku. Kweli, atamaliza 2,500 kwa mwaka mmoja wa siku za soko. Lakini tuangalie gharama. Kwa dau la shilingi 100, mwenye asilimia 52 hushinda mara 52 na kushindwa mara 48 katika kila biashara 100. Zinabaki shilingi 400, yaani shilingi 4 kwa kila biashara. Dalali, tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na makato mengine vikichukua shilingi 5 kwa kila biashara, mtu huyu mwenye ujuzi wa kweli anapoteza shilingi moja kila anapobonyeza. Anashinda mara nyingi kuliko anavyoshindwa na anafilisika. Brad Barber na Terrance Odean walilikuta jambo hili katika kumbukumbu za kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja kati ya 1991 na 1996: soko lilipanda kwa asilimia 17.9 kwa mwaka, kaya zilizonunua na kuuza sana kuliko nyingine zikapata asilimia 11.4.

Kabla hatujaiacha sarafu, irushe mara kumi tu. Uwezekano wa sarafu ya haki kutoa vichwa saba au zaidi ni kama asilimia 17. Wakianza vijana 100 wasiojua lolote, takriban 17 kati yao watakuwa wameshinda biashara saba au zaidi katika kumi za mwanzo. Hao ndio watakaofungua makundi ya kufundisha wengine. Si lazima wawe waongo. Wengi wao wanaamini kabisa, kwa sababu dopamini zao zilifyatuka mara saba, na ubongo hauna njia ya ndani ya kujua kwamba mwalimu alikuwa anabahatisha.

Ubongo wa mzee unafanya nini mbele ya mwalimu huyu? Gregory Samanez-Larkin na wenzake walichapisha jaribio zuri mwaka 2010. Waliwalaza watu wa umri mbalimbali ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa hisa mbili na hatifungani moja. Hisa moja ilikuwa nzuri na nyingine mbaya, lakini washiriki hawakuambiwa ipi ni ipi. Walitakiwa waijue kutokana na matokeo ya kila mzunguko. Wenye umri mkubwa walikosea zaidi, na makosa yalitokea hasa walipochagua hisa, si walipochagua hatifungani. Picha zilionyesha kwamba eneo dogo la ndani ya ubongo linalopokea dopamini, ambalo husaidia kukadiria thamani, lilikuwa likiyumba zaidi kwao kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Kelele ya soko iliongezwa kelele ya ndani.

Mwaka uliofuata kundi hilo lilitoa jaribio la pili ambalo kwangu ni muhimu kuliko la kwanza, ingawa halisemwi sana. Washiriki walipoonyeshwa kwa mchoro thamani inayotarajiwa ya kila chaguo, badala ya kuachwa waikumbuke na kuikokotoa kichwani, maamuzi yao yaliboreka, wazee wakiwemo. Ina maana sehemu ya upungufu ilikuwa katika kushika hesabu, na hesabu inaweza kushikwa na karatasi. Daftari lenye tarehe, sababu ya kununua, bei, gharama na matokeo linafanya kazi ambayo kumbukumbu ya miaka 25 inajidai kuifanya na ile ya miaka 60 inakiri haiiwezi.

Vijana nao wana shida yao, na haiko kwenye kumbukumbu. Sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika breki huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Lakini hata breki zikikomaa, akiba haijajaa. Robin Greenwood na Stefan Nagel walichunguza mameneja wa mifuko ya uwekezaji wakati wa homa ya hisa za teknolojia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hao walikuwa wasomi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mameneja vijana, wa chini ya miaka 35, ndio waliojaza hisa za teknolojia, na waliongeza kila bei ilipokwisha kupanda. Kasi yao ya kujifunza ilikuwa kubwa, na mwalimu alikuwa amewafundisha kwa miaka michache mfululizo kwamba bei hupanda. Nasdaq, kipimo cha bei katika soko lililojaa hisa hizo, ilifika kileleni Machi 2000, na kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Wazee wa kazi hawakuwa na ubongo wenye kasi zaidi. Walikuwa wameona anguko kabla ya hapo.

Lakini kuona anguko nako kunaweza kufundisha vibaya. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walionyesha kwamba Wamarekani walioishi katika vipindi vya soko baya huogopa hisa miaka mingi baadaye. Wakenya wana mfano wao. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na maombi yakawa mengi kuliko hisa zilizokuwepo. Mapema mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Kwa watu wengi hilo ndilo lilikuwa somo lao la kwanza la soko, na waliouza wakaondoka na funzo kwamba hisa ni utapeli. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Aliyeishikilia akaondoka na funzo kwamba ukisubiri hupotezi. Mwaka 2023 ilishuka chini ya 15, na aliyenunua kwa 40 akapata funzo la tatu. Mafunzo matatu, kampuni moja, na kila mmoja alirusha sarafu mara moja tu.

Tukiacha maabara na kutazama watu halisi wanavyoamua kuhusu pesa, umri wa kati ndio unaong'aa. Sumit Agarwal, John Driscoll, Xavier Gabaix na David Laibson walipima makosa ya Wamarekani katika mikopo na kadi za benki, kama vile kulipa riba na tozo ambazo zingeweza kuepukwa, wakakuta makosa ni machache zaidi karibu na miaka 53. Vijana walikosea kwa kukosa uzoefu, wazee kwa kupungukiwa uwezo wa kuchambua. George Korniotis na Alok Kumar walipotazama wawekezaji wa hisa walikuta mgawanyiko kama huo ndani ya mtu mmoja: wazee walijua kanuni nzuri zaidi, walitawanya mitaji yao na hawakununua na kuuza ovyo, lakini ustadi wao wa kuchagua hisa ulikuwa umeshuka.

Kuna tahadhari ambayo wasomaji wa takwimu hizi huisahau. Ukilinganisha mtu wa miaka 30 wa leo na wa miaka 70 wa leo, hujapima umri peke yake. Umepima pia shule walizosoma, chakula walichokula utotoni, na teknolojia waliyokua nayo. Warner Schaie aliliona tatizo hili mapema. Kuanzia mwaka 1956, mjini Seattle, alifuatilia watu wale wale akiwapima upya kila baada ya miaka saba, na akakuta akili inashuka kwa kuchelewa kuliko ulinganisho wa vizazi ulivyodai. Kwa hiyo mama wa miaka 60 anayebabaika na programu ya dalali kwenye simu huenda hana tatizo la ubongo hata kidogo. Alipokuwa kijana, Soko la Hisa la Dar es Salaam halikuwepo. Mauzo yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1998.

Turudi Chicago. Mwaka 1983 Dennis, sasa tajiri, alibishana na mshirika wake William Eckhardt. Dennis alisema biashara hii inafundishika. Eckhardt alisema mtu huzaliwa nayo. Wakatoa tangazo magazetini, wakachagua watu wa kazi mbalimbali, wakawafundisha kwa wiki mbili na kuwapa pesa za Dennis wafanyie kazi. Mdogo kuliko wote, Curtis Faith, alikuwa na miaka 19. Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi kuelewa: nunua bei ikivunja kilele cha siku kadhaa zilizopita, usihatarishe zaidi ya asilimia 2 hivi ya mtaji kwenye dau moja, toka bei ikigeuka. Kundi hilo lilitengeneza pesa nyingi. Faith aliandika baadaye kwamba wote walipewa kanuni zile zile na bado matokeo yakapishana sana, kwa sababu wengine hawakuweza kuzifuata baada ya hasara kadhaa mfululizo. Dennis mwenyewe, mwalimu wao, alipata hasara kubwa katika 1987 na 1988 akafunga mifuko ya wateja aliyokuwa akiisimamia.

Ile asilimia 2 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo umri unapoingia kwa mlango mwingine. Ukipoteza asilimia 2 mara kumi mfululizo, unabaki na karibu 82 katika kila 100. Ukihatarisha asilimia 20 kila mara, baada ya hasara kumi unabaki na kama 11, na itabidi uzidishe mtaji karibu mara tisa ili urudi ulipoanzia. Dalali wa mtandaoni hukuruhusu kushika dau kubwa mara nyingi kuliko pesa uliyoweka, ndiyo maana asilimia 20 hufika bila mtu kujua, na akaunti huungua kwa usiku mmoja. Kijana wa miaka 22 aliyeunguza laki tano amelipa ada. Ana mishahara ya miaka 38 mbele yake. Mstaafu aliyeunguza kiinua mgongo amemaliza shule na hakuna muhula mwingine. Ubongo wa wawili hao ungeweza kuwa sawa kabisa, na bado mmoja ana ruhusa ya kukosea na mwingine hana.

Na wengi hukosea. Fernando Chague na wenzake walifuatilia Wabrazili walioanza kununua na kuuza mikataba ya hisa ndani ya siku moja kati ya 2013 na 2015. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa, na asilimia 1.1 tu ndio waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Hao walikuwa wavumilivu, waliorusha sarafu mara nyingi. Kwa upande mwingine, Amit Seru, Tyler Shumway na Noah Stoffman walitumia kumbukumbu za wawekezaji wa Finland na kukuta kwamba sehemu kubwa ya kujifunza inayoonekana sokoni ni watu kugundua kwamba hawana ustadi, na kuacha. Anayebaki anaonekana bora kwa sababu wengine wameondoka. Sioni aibu katika kuacha kwa namna hiyo. Ni hesabu ya Rescorla na Wagner ikifanya kazi yake.

Kwa hiyo namjibu mtu wa miaka 52 hivi: kama unataka kujifunza jinsi kampuni inavyopata faida, hatifungani inavyolipa, gharama zinavyokula mtaji na anguko linavyokuja, akiba yako ya maarifa iko karibu na umri wake mzuri kabisa, na mirusho iliyorushwa na wengine kwa miaka mia imeandikwa vitabuni. Kama unataka kushinda soko kwa kununua asubuhi na kuuza jioni, hukuchelewa. Hata ungeanza na 19, hesabu ingekuwa ile ile.

Umri unaostahili hofu uko mbele zaidi. Michael Finke, John Howe na Sandra Huston waliwapima Wamarekani wenye miaka 60 na zaidi maarifa ya fedha, wakakuta alama zikipungua kwa kama asilimia moja kwa kila mwaka wa umri. Wakawauliza pia wanajiamini kiasi gani katika maamuzi ya pesa. Kujiamini hakukupungua. Mtu wa miaka 80 hana kengele ndani yake inayomwambia kwamba hesabu aliyoifanya leo si ile aliyoifanya akiwa na 60. Kengele lazima iwekwe nje, na iwekwe mapema: karatasi inayosema dau kubwa kabisa ni kiasi gani, ni mwaka gani hisa zitaanza kupunguzwa na kuhamishiwa kwenye hatifungani au mifuko ya pamoja, na nani apigiwe simu kabla pesa haijahamishwa kwenda mahali papya. Marekani, tangu mwaka 2018, madalali wanatakiwa kufanya juhudi za kumwomba mteja jina la mtu wa kuaminika wa kumpigia wanapoona jambo lisilo la kawaida kwenye akaunti. Mwenye akaunti Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hahitaji kusubiri kanuni: aandike barua ya ukurasa mmoja, mwanawe au ndugu yake apewe nakala, nyingine iende kwa dalali, na aifanye kazi hiyo wakati bado anaona haina haja.